Balozi wa Kongo na Wanaoitunza Sura Yake

Tarehe 26 Aprili 2025 Papa Fransisko alizikwa Roma, si katika Basilika ya Mtakatifu Petro kama mapapa wengi, bali katika basilika ya Santa Maria Maggiore, kwa kuwa ndivyo alivyotaka mwenyewe. Huku Kivu ya Kaskazini msiba ule tulikuwa na sababu yetu ya kuulilia. Huyu ndiye Papa aliyekuwa amepanga kufika Goma mwaka 2022. Safari ikaahirishwa, na alipokuja Kongo mwishoni mwa Januari 2023, vita vilikuwa vimekwisha kuifuta Goma kwenye ratiba yake. Ikabidi watu wa mashariki wamfuate Kinshasa, wakamweleza ana kwa ana yale yaliyowapata. Siku ya maziko yake kamera za dunia nzima zililielekea kanisa lile, na ndani ya kuta zile zile ipo sanamu ya marumaru ya Mkongo mmoja aliyezikwa humo miaka 417 kabla yake. Ni wachache sana waliomtaja.

Jina lake la ubatizo ni António Manuel, na jina la heshima alilokuja nalo kutoka kwao ni Ne Vunda. Alikuwa balozi wa mfalme wa Kongo kwa Papa. Kuhusu safari yake wanahistoria wameandika mengi. Mimi nataka nisimulie pia habari za wale waliobaki na sura yake baada ya yeye kufa: waliomchonga, waliomchora, na zaidi ya hao wote, wahifadhi wa makumbusho, wanaume na wanawake ambao kazi yao ya kila siku ni kutunza sanaa ya Ulaya ya karne ya 16 na ya 17 na kuamua itaelezwaje kwa watu. Kazi hiyo kwetu haijulikani. Mtoto wa huku kwetu Kalengera akiulizwa angependa kuwa nani, atasema daktari, mwalimu, dereva, padri. Hatasema mhifadhi wa makumbusho. Lakini kwa muda wa miaka 400 watu wa kazi hiyo ndio walioamua kama Mkongo aliye ndani ya picha ataitwa balozi, au ataitwa mtu mweusi tu asiye na jina.

Tuanze na ufalme wenyewe. Ufalme wa Kongo ulikuwa magharibi, karibu na mahali mto mkubwa unapoingia baharini. Mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo uko kaskazini mwa Angola. Kutoka huko hadi Kalengera ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya ndege, na mababu zetu wa huku hawakumtii mfalme yule wala hawakumjua. Ila jina la nchi tunayoishi limetoka kwenye ufalme wake, kwa kupitia jina la mto, na jina lililo kwenye karatasi zetu zote za serikali linaanzia kwenye hadithi hiyo. Ni yetu.

Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa, akaitwa João. Mwanawe Afonso akaufanya Ukristo kuwa dini ya utawala, akawa akiwaandikia barua mfalme wa Ureno na Papa kama mfalme anavyomwandikia mwenzake. Mtoto wa Afonso, Henrique, alipelekwa Ulaya kusoma, na mwaka 1518 akafanywa askofu. Kwa hiyo wakubwa wa Mbanza Kongo hawakuwa wageni wa mambo ya Roma. Mwaka 1596 Papa aliufanya mji wao kuwa makao ya jimbo la askofu, chini ya jina la São Salvador. Tatizo lao lilikuwa Ureno. Wareno walikuwa wamejenga Luanda, walikuwa wakichochea vita mipakani, biashara ya watumwa ilikuwa ikiwameza watu, na mfalme wa Ureno alitaka kila jambo la Kanisa la Kongo lipitie mikononi mwake. Mfalme Álvaro II, aliyetawala kuanzia 1587 hadi 1614, akaona dawa ni moja: kumruka Mreno na kuzungumza na Papa mwenyewe.

Ndipo alipotumwa Ne Vunda, mwaka 1604. Ramani ya safari yake inaonyesha dunia ilivyokuwa. Kufika Roma ilimlazimu kwanza kuvuka bahari hadi Brazili, kwa kuwa ndiko merikebu zilikokuwa zikienda. Baharini alivamiwa na maharamia wa Kiholanzi, wakampora mali. Akafika Lisbon, kisha Madrid, na hapo akakwama. Wakati huo mfalme wa Uhispania ndiye aliyekuwa mfalme wa Ureno pia, na hakuwa na haraka yoyote ya kumwona balozi wa Kongo akimfikia Papa peke yake. Ne Vunda alisubiri Uhispania kwa miaka. Wenzake wengi waliotoka naye nyumbani walikufa njiani. Alipopata nafasi ya kuendelea, afya yake ilikuwa imekwisha.

Aliingia Roma mwanzoni mwa Januari 1608. Papa Paulo V alikuwa ameandaa mapokezi makubwa yafanyike siku ya Epifania, tarehe 6 Januari, sikukuu ya Mamajusi waliotoka mbali kumwabudu Mtoto Yesu. Mgeni wa heshima hakuweza hata kusimama. Alilazwa katika jumba la Vatikano, na Papa mwenyewe akaja kitandani kumwona na kumbariki. Ne Vunda alikufa katika mkesha wa sikukuu ile. Maandamano yaliyokuwa ya kumpokea yakageuka kuwa ya kumzika. Alipelekwa Santa Maria Maggiore, kanisa alilolipenda Paulo V, na ambamo Papa huyo alikuwa akijijengea kanisa dogo la kuzikwa yeye na ukoo wake.

Mchongaji Francesco Caporale ndiye aliyepewa kazi ya kuifanya sura yake. Itazame sanamu hiyo kwa makini, hata kama ni katika picha ya simu. Ni kichwa na mabega. Kichwa kimechongwa kwa jiwe jeusi, na vazi kwa jiwe la rangi nyingine, ufundi uliopendwa sana Roma wakati huo. Uso ni wa mtu mzima, mtulivu. Mwilini amevaa vazi lililofumwa kama wavu, na begani ana podo la mishale. Mtu wa Roma aliyepita mbele ya podo lile bila shaka aliwaza mwindaji wa porini. Lakini vazi la wavu halikuwa vazi la porini. Kwa Wakongo wa ufalme ule lilikuwa vazi la wakubwa, lililofumwa kwa nyuzi laini za rafia na kuvaliwa na watu wa cheo. Jiwe limehifadhi habari ambayo huenda mchongaji mwenyewe hakuielewa yote. Hapo ndipo kazi ya mhifadhi inapoanza, kwa kuwa bila mtu wa kueleza vazi lile ni nini, sanamu inabaki kusema uongo nusu. Na kwa muda mrefu watu wa Roma walimwita balozi yule kwa jina la rangi ya ngozi yake tu, Nigrita, kana kwamba hakutoka kwa mfalme yeyote.

Sanamu haikuwa peke yake. Mwaka ule ule wa 1608 picha zake za kuchapwa ziliuzwa Roma. Baadaye kidogo Giovanni Battista Ricci alichora ukutani, katika vyumba vya Papa Paulo V huko Vatikano, Papa akiwa kando ya kitanda cha Ne Vunda. Mwaka 1616 na 1617 wachoraji Agostino Tassi, Giovanni Lanfranco na Carlo Saraceni walipamba ukumbi mkubwa wa jumba la Quirinale kwa picha za mabalozi waliotoka mbali kuja kwa Paulo V. Wakongo wamo, na wamo pia Wajapani wa msafara wa Hasekura Tsunenaga waliofika mwaka 1615. Leo Quirinale ni ikulu ya rais wa Italia, na rais akipokea wageni, mabalozi wetu wako juu ya vichwa vyao, wameegemea ukuta wa kuchorwa wakitazama chini.

Kwa nini Papa alitumia gharama yote hiyo kwa mtu aliyekaa Roma siku chache tu? Kwa sababu nusu ya Ulaya ilikuwa imemkataa, kaskazini kote Waprotestanti walikuwa wamejitenga, na Mkongo aliyevuka bahari mbili kuja kumtii alikuwa ushahidi kwamba Kanisa lake ni la dunia nzima. Ne Vunda alikuja kudai haki za mfalme wake. Picha zilimfanya kuwa ushindi wa mwenye nyumba. Mhifadhi anayeandika maelezo ya kibandiko chini ya picha kama hiyo ana maneno machache tu, mara nyingi hayafiki mia, na humo anatakiwa kutia yote mawili: kusudi la aliyechorwa na kusudi la aliyelipa. Akiandika la pili peke yake, atakuwa amemzika balozi mara ya pili.

Miaka 35 baada ya kifo cha Ne Vunda, Mkongo mwingine aliketi mbele ya mchoraji wa Ulaya, na habari zake zinaonyesha kazi ya mhifadhi waziwazi zaidi. Huyu ni Dom Miguel de Castro. Alitumwa na bwana wa Soyo, jimbo la pwani la ufalme, lililokuwa likigombana na mfalme. Waholanzi walikuwa wameiteka Luanda mwaka 1641, na Soyo ilitaka wawe upande wake. Dom Miguel alikwenda Recife, Brazili, kwa gavana wa Waholanzi Johan Maurits wa Nassau, aliyempa zawadi, miongoni mwake kofia na upanga. Kisha akavuka tena bahari hadi Uholanzi, na mwaka 1643 akawa Middelburg, katika jimbo la Zeeland. Huko ndiko alikochorwa.

Picha hiyo leo iko Copenhagen, katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya Denmark. Dom Miguel amevaa Kizungu: kofia pana yenye unyoya, vazi lenye nakshi, mkanda wa upanga. Anamtazama anayemtazama bila kuinamisha macho. Ukisimama mbele ya picha nyingi za karne ile zilizo na mtu mweusi, utamkuta pembeni, amebeba sinia la matunda au ameshika kamba ya farasi wa bwana wake. Dom Miguel hana bwana kwenye picha. Ameijaza picha yote peke yake, kama mfanyabiashara tajiri wa Amsterdam. Pamoja nayo zipo picha mbili za vijana wa msafara wake, wote wawili katika mavazi ya kijani: mmoja ameshika kijaluba kilichofumwa kwa ufundi wa Kongo, mwingine ameshika pembe ya ndovu.

Kwa muda mrefu picha hizi zilihesabiwa kuwa za Albert Eckhout, mchoraji aliyekuwa na Johan Maurits Brazili. Ilionekana sawa, maana Johan Maurits ndiye aliyempa mfalme Frederik III wa Denmark zawadi ya picha za Eckhout mwaka 1654, na hizi zilikwenda pamoja nazo. Waliokuja kulikataa jibu hilo walifanya lile ambalo mhifadhi mwema hufanya: waliacha kutazama picha peke yake, wakaenda kusoma madaftari ya hesabu. Kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Magharibi ilikuwa na ofisi Zeeland, na karatasi zake zinamtaja mchoraji wa Middelburg wa jina la Becx. Kulikuwa na ndugu wawili wa jina hilo, Jasper na Jeronimus, na leo makumbusho yanampa Jasper kazi hiyo. Pengine msomaji atasema, inatusaidia nini kujua ni Mholanzi yupi aliyeshika brashi? Inatusaidia sana. Ikiwa picha ilichorwa Brazili na mtu aliyezoea kuchora aina za watu na mimea kwa ajili ya gavana, Dom Miguel ni kielelezo cha kabila. Ikiwa ilichorwa Middelburg kwa malipo ya kampuni, wakati wa ziara ya kiserikali, yeye ni mwanadiplomasia, na picha ni kumbukumbu ya mazungumzo kati ya nchi mbili. Daftari moja la hesabu lilimrudishia cheo chake.

Na wale vijana wawili? Wana majina: Diego Bemba na Pedro Sunda. Katika orodha za makumbusho walikuwa wakiitwa watumishi wa Dom Miguel, basi. Kuandika jina la mtu chini ya uso wake ni kazi ya dakika mbili, lakini kulitafuta jina hilo kunaweza kula miaka, na hakuna mashine itakayomfanyia mhifadhi kazi hiyo. Anatakiwa ajue lugha za zamani, asome mwandiko wa karani wa mwaka 1643, ajue nani aliuza kwa nani na nani alirithi kutoka kwa nani. Aitambue rangi iliyopakwa mwanzo na ile iliyopakwa juu yake miaka 200 baadaye. Vitu vya nyuzi na karatasi avikinge na mwanga, kiasi kwamba vyumba vyake huwa na giza la jioni, mwanga wa lux 50 tu, kwa sababu rangi iliyokwisha kuliwa na mwanga hairudi. Unyevu wa hewa aupime kila siku, kwa kuwa ubao wa kale ukikauka haraka unapasuka na picha inapasuka nao.

Mfano wa rangi iliyopakwa juu ya nyingine upo Marekani, katika makumbusho ya Walters mjini Baltimore. Henry Walters alinunua mwaka 1902 mkusanyiko mzima wa picha kutoka Roma, na ndani yake ilikuwamo picha ya Pontormo, mchoraji wa Florence, ya mama mmoja wa ukoo wa Medici. Mwaka 1937 picha ilipofanyiwa kazi ya usafi, mtoto akatokea. Kulikuwa na msichana mdogo aliyeshika mkono wa mama huyo, na mtu fulani alikuwa amempaka rangi hadi akapotea. Mtoto huyo leo anatambuliwa kuwa Giulia, binti wa Alessandro de' Medici, mtawala wa Florence aliyeuawa mwaka 1537, ambaye inaaminika mama yake alikuwa mwanamke wa asili ya Kiafrika katika nyumba ya Medici. Mwaka 2012 mhifadhi wa sanaa ya Renaissance wa makumbusho hayo, Joaneath Spicer, aliiweka picha hiyo katika maonyesho aliyoyaandaa juu ya Waafrika katika Ulaya ya wakati ule. Hayakuwa maonyesho ya watumwa tu. Alionyesha mabalozi, watakatifu, wanamuziki na watoto wa wakubwa, na kila alipoweza alitaja majina.

Nirudi Copenhagen, kwa sababu huko kuna jambo linaloniumiza. Mfalme Frederik III alikuwa na nyumba yake ya vitu vya ajabu, mkusanyiko wa aina waliokuwa nao wafalme wengi wa Ulaya, ambamo picha, pembe, makombe, silaha na nguo za nchi za mbali viliwekwa pamoja. Humo ziliingia picha za Dom Miguel na wenzake. Na katika mkusanyiko huo huo wa kifalme zilikuwamo nguo za Kongo: vitambaa vya rafia vya kufunikia mito, vilivyofumwa na kukatwa nyuzi zake hadi vikawa laini kama mahameli, na nakshi za mistari inayopishana bila mwanzo wala mwisho. Wazungu wa karne ya 16 na ya 17 waliovishika waliandika kwa mshangao, wakavilinganisha na hariri za Italia. Basi uso wa Mkongo na kazi ya mikono ya Wakongo vilikaa chini ya dari moja. Katika miaka ya 1820 mkusanyiko ule ulivunjwa. Picha zikapelekwa upande wa sanaa, na nguo zikapelekwa upande wa mila na makabila. Leo ziko katika makumbusho mawili tofauti ya mji mmoja.

Mgawanyo huo haukutokea Denmark peke yake. Karibu kila makumbusho kubwa ya Ulaya na Marekani ina mlango wa sanaa ya Ulaya na mlango mwingine wa Afrika, mhifadhi wa huku na mhifadhi wa huko, bajeti yake na stoo yake. Historia yetu ya karne zile ilikatwa pale pale palipokuwa na mshono. Chukua misalaba ya shaba iliyomiminwa na mafundi wa Kongo kuanzia wakati ule. Kristo yuko msalabani kama katika misalaba iliyoletwa na Wareno, lakini uso ni wa Kikongo, na juu na chini yake kuna watu wadogo waliopiga magoti au waliokunja mikono kwa heshima. Wakubwa wa vijiji waliirithishana kizazi hadi kizazi kama alama ya mamlaka. Je, hiyo ni sanaa ya Kikristo ya wakati wa Renaissance au ni sanaa ya Kiafrika? Mimi nasema ni vyote viwili kwa ukamilifu, na makumbusho isiyo na mlango wa kuipitisha ndiyo yenye kasoro.

Mwaka 2015 Alisa LaGamma wa makumbusho ya Metropolitan, New York, aliandaa maonyesho makubwa juu ya Kongo. Alikusanya kutoka nchi nyingi baragumu za pembe za ndovu zilizochongwa Kongo na kuhifadhiwa na wakuu wa Ulaya, nguo za rafia, misalaba, na sanamu 15 za Mangaaka, zile kubwa zilizopigiliwa misumari, zilizochongwa karne ya 19 watu wa pwani walipokuwa wakikabiliana na wafanyabiashara na wakoloni. Aliyepita vyumbani humo aliona mambo ya miaka 400 yakifuatana bila kukatwa.

Wahifadhi wa Uholanzi wamekwisha kuonja joto la kazi hii. Nyumba aliyojijengea Johan Maurits mjini The Hague, ndiyo leo makumbusho ya Mauritshuis. Ni gavana huyo huyo ambaye chini ya utawala wake Waholanzi waliiteka ngome ya Elmina, Afrika Magharibi, mwaka 1637 na Luanda mwaka 1641 ili wapate watumwa wa mashamba ya miwa ya Brazili. Wahifadhi walipoondoa nakala ya sanamu yake ukumbini, habari zilizofika magazetini mwanzoni mwa 2018, wanasiasa walikuja juu, wakadai historia inafutwa. Mwaka 2019 makumbusho yakajibu kwa kuandaa maonyesho mazima juu yake, yakimtaja kama mpenda sanaa na kama mtu wa biashara ya watumwa. Naona walifanya sawasawa. Na sisi pia haki hiyo itugeukie: watawala wa Kongo na wa Soyo nao waliuza watu, na mhifadhi Mkongo atakayeeleza picha ya Dom Miguel asilifiche hilo ili kumpamba.

Huyo mhifadhi Mkongo yuko wapi? Nchi yetu ilianzisha taasisi ya makumbusho ya taifa mwaka 1970, kabla ya kuitwa Zaire, na mkurugenzi wake wa kwanza, Lucien Cahen, alikuwa wakati huo huo mkurugenzi wa makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu 114. Baadaye, miaka ya misukosuko, makusanyo ya Kinshasa yaliibwa. Mwaka 2019 makumbusho mapya ya taifa yalifunguliwa Kinshasa kwa msaada wa Korea Kusini. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilikabidhi orodha ya vitu zaidi ya 80,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren, na Juni mwaka huo mfalme Philippe alifika na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kama mkopo wa muda usio na mwisho. Mazungumzo ya kurudisha vitu yanaendelea, na ni haki yaendelee.

Lakini sanamu ya Ne Vunda haitarudi, wala haipaswi kurudi: ni kaburi lake. Picha za Dom Miguel ni kazi ya Mholanzi iliyolipiwa Uholanzi. Vitu vya namna hii vitabaki Ulaya, na njia ya pekee ya kuwa na sauti juu yake ni kuwa na watu wetu waliosomea. Mtu aliyekua akisikia lugha za huku, anayejua kwamba nguo inaweza kuwa cheo na kwamba mzee haitwi kwa rangi yake, ataona kwenye jiwe la Caporale mambo ambayo mwenzake wa Ulaya itambidi ayasome kitabuni. Akijifunza pia Kilatini, Kireno na mwandiko wa makarani wa zamani, hakuna stoo itakayomshinda.

Najua mtu atasema: Kivu inahitaji amani, maji na barabara kwanza, na watoto wengine wa huku wanalala kwenye mahema. Ni kweli, na simlaumu anayesema hivyo. Lakini Álvaro II naye alimtuma Ne Vunda wakati nchi yake inasumbuliwa na vita na wauza watu, kwa sababu alijua kwamba nchi isiyojieleza yenyewe mbele ya wakubwa wa dunia, wengine wataieleza wapendavyo. Hilo halijabadilika.

Basi kwenu walimu wa historia, kuanzia Goma hadi Kalengera na Rutshuru: picha ya sanamu ya Ne Vunda na picha ya Dom Miguel zinapatikana bure kwenye simu. Zionyesheni darasani kabla ya kuanza somo la Stanley na Leopold. Waambieni wanafunzi majina yote manne, António Manuel Ne Vunda, Miguel de Castro, Diego Bemba na Pedro Sunda. Na akitokea mmoja anayetazama picha kwa muda mrefu kuliko wenzake na kuuliza maswali yasiyokwisha, mwambieni kwamba kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kufanya hivyo, kwamba kazi hiyo ina vyuo vyake, na kwamba tunamhitaji.